Handaki la Barabara: Huondoa Foleni au Huihamisha?

Jiji la Dar es Salaam limekabili foleni kwa kujenga njia za juu: Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, na Daraja la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa mwaka 2021. Miji mingine imepitisha magari chini ya ardhi. Mkazi anayechelewa kazini kila asubuhi ana haki ya kujua kama handaki lingemfaa.

Namna linavyojengwa

Zipo njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuchimba mtaro mpana, kujenga kuta na paa la zege, kisha kufukia. Gharama yake huwa nafuu pale kina kinapokuwa kifupi, lakini barabara ya juu hufungwa, mabomba huhamishwa na biashara za kando huathirika. Ya pili ni kutumia mashine kubwa inayotoboa udongo huku ikipanga vipande vya zege nyuma yake. Shughuli za juu huendelea, ila gharama hupanda. Kwa njia zote mbili, handaki huhitaji feni za kutoa moshi, pampu za maji, taa na milango ya dharura, na vyote hivyo hula umeme na matengenezo daima.

Funzo kutoka London

Mashariki mwa London, magari huvuka chini ya Mto Thames kupitia handaki la Blackwall. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1897, na ya pili mwaka 1967. Ile ya zamani ni nyembamba na fupi kwa kimo. Malori marefu yaliifanya ifungwe mara kwa mara, na foleni ikaenea mitaani.

Tarehe 7 Aprili 2025 lilifunguliwa handaki jipya la Silvertown, lenye urefu wa kilomita 1.4. Siku hiyohiyo madereva walianza kutozwa katika mahandaki yote mawili. Hoja ilikuwa kwamba njia mpya ya bure ingevuta magari zaidi, na foleni ingerudi. Tozo ya gari dogo saa za msongamano ni pauni 4. Wakazi wa karibu wenye kipato cha chini waliwekewa punguzo la nusu, na mabasi na malori yalitengewa njia yao katika handaki jipya. Hata hivyo, waliokuwa wakivuka bure sasa hulipa.

Maswali ya kuuliza

Kwa Dar es Salaam, kuna jambo la maji pia. Bonde la Msimbazi linapofurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Handaki katika eneo la namna hiyo lingetegemea pampu zisizozimika.

Kwa hiyo, mradi wowote mkubwa wa barabara unapojadiliwa katika mkutano wa mtaa, mwananchi aulize mambo manne: nani atalipa, mabasi yatapewa nafasi gani, maji yatakwenda wapi, na watakaohamishwa watafidiwaje.

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na za wilaya na mitaa husimamiwa na TARURA. Mkazi anayeona mtaro ulioziba atoe taarifa mapema katika ofisi ya serikali ya mtaa wake, kwani mtaro mmoja ulioziba hutosha kuisimamisha barabara nzima mvua inyeshapo.