Je, Wajua? Kauri, Mamba na Cheti cha Fundi

Je, wajua kwamba mwezi Julai 1946 bei nchini Hungaria zilikuwa zikipanda maradufu kila baada ya saa 15 hivi? Mshahara wa asubuhi ulikuwa umepoteza nusu ya nguvu yake kabla ya usiku wa manane. Zimbabwe ya Novemba 2008, kwa hesabu za wachumi Steve Hanke na Alex Kwok, ilihitaji karibu saa 25. Rekodi bado ni ya Hungaria, na sijasikia nchi inayoitamani.

Je, wajua mfumuko wa bei huitwa wa kupindukia ukifika wapi? Mchumi Phillip Cagan aliuwekea mpaka mwaka 1956: asilimia 50 kwa mwezi. Kwa mwendo huo, kitu cha shilingi 1,000 Januari hii kitauzwa karibu shilingi 130,000 Januari ijayo.

Je, wajua kwamba pwani yetu iliwahi kuuza mfumuko wa bei Afrika Magharibi? Huko, kwa karne nyingi, kauri ndogo kutoka Maldives zilikuwa fedha ya sokoni, na zilithaminiwa kwa sababu zilitoka mbali na hazikuwa nyingi. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, akina Hertz na O'Swald, wakang'amua kwamba Zanzibar na mwambao wake una kauri tele za aina nyingine, kubwa kidogo, zinazookotwa maji yakipwa na kununuliwa kwa bei ya chini kabisa. Wakajaza meli, wakazunguka kusini mwa bara, wakazishusha Lagos na Ouidah, wakalipia mafuta ya mawese. Faida ya miaka ya mwanzo ilikuwa ya ajabu. Lakini kila shehena iliyoshuka iliipunguzia nguvu kauri iliyokwisha kuwekwa akiba ndani ya mtungi wa mtu. Wanahistoria Jan Hogendorn na Marion Johnson, waliofuatilia biashara hiyo katika kitabu chao cha 1986, wanaonyesha jinsi thamani ilivyoporomoka. Tena kauri zetu zilikuwa nzito: safari ikiwa ndefu, ujira wa mpagazi ulikula mzigo wote. Hakuna benki kuu iliyochapisha noti hata moja, na bado yaliyotokea ni yale yale.

Kenya ilitumia karatasi. Fedha zilimwagwa kwa wingi wakati wa uchaguzi wa 1992, na mwaka 1993 mfumuko ukafika asilimia 46.

Je, wajua kwamba serikali inaweza kuumbuliwa na tovuti za maduka? Kuanzia 2007 takwimu rasmi za bei nchini Argentina zilianza kutiliwa shaka. Mchumi Alberto Cavallo akaandika programu ya kukusanya, siku baada ya siku, bei ambazo maduka makubwa ya nchi hiyo yalikuwa yakizitangaza yenyewe mtandaoni. Kati ya 2007 na 2011 serikali ilitangaza wastani wa asilimia 8 hivi kwa mwaka. Cavallo alipata 20. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likaikaripia Argentina hadharani kwa takwimu zake, jambo ambalo halikuwahi kumfanyia mwanachama yeyote.

Je, wajua kwamba mmoja wa wachumi wanaotajwa sana duniani aliwahi kuwinda mamba? Bill Phillips wa New Zealand aliwawinda Australia, akawa mfungwa wa vita wa Wajapani, kisha mwaka 1949 akaunda mashine ya maji ya rangi yanayopita kwenye mipira na matangi kuonyesha fedha zinavyozunguka katika uchumi. Umaarufu wake mkubwa ulitokana na makala ya 1958. Alipanga takwimu za Uingereza za 1861 hadi 1957 akaona kwamba ukosefu wa ajira ulipopungua, mishahara ilipanda kwa kasi zaidi. Wanasiasa wakaisoma kama orodha ya bei za hotelini: chagua ajira, lipa kwa mfumuko. Miaka ya 1970 ukosefu wa ajira na mfumuko vikapanda pamoja, na mwaka 1975 mfumuko wa Uingereza ulivuka asilimia 24.

Je, wajua kwamba Mfereji wa Suez ulifungwa kwa miaka minane, 1967 hadi 1975? Ilikuwa hasara kwa mataifa, lakini kwa watafiti ilikuwa bahati, maana ni nadra umbali kati ya nchi kubadilika ghafla pasipo kingine kubadilika. Meli za Ulaya zilizokuwa zikija Mombasa na Dar es Salaam zililazimika kupitia Afrika Kusini. Mchumi James Feyrer alipopima athari hiyo alikuta kwamba biashara ilipungua kweli pale njia ya bahari iliporefuka, ila kwa kama nusu tu ya ilivyokadiriwa na tafiti za kawaida. Mimi naisoma hivi: nchi za mbali haziuziani sana kwa sababu hazijuani vilevile, na hilo meli hailiondoi.

Je, wajua kwamba simu ya mkononi huokoa dagaa? Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1997, katika soko moja la pwani ya Kerala, India, wavuvi 11 walikuwa tayari kumwaga samaki wao kwa kukosa wanunuzi, huku wanunuzi 27 katika masoko yaliyo ndani ya kilomita 15 wakikaribia kurudi mikono mitupu. Mchumi Robert Jensen alikuwa akihesabu. Minara ya simu ilipofika, wavuvi wakaanza kuulizia bei wangali baharini: samaki wakaacha kutupwa, faida ya mvuvi ikapanda asilimia 8, na mlaji akapunguziwa asilimia 4.

Wakulima wa mahindi wa magharibi mwa Kenya walikuwa na shida ya aina nyingine. Bei walizijua vizuri. Ada ya shule ya Januari ndiyo haikuwasubiri. Basi waliuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, wakaja kununua mahindi baadaye kwa bei ya juu. Watafiti walipowapatia mkopo msimu wa mavuno ili waweke gunia ghalani, faida ilifika asilimia 29 ya fedha zilizokopeshwa.

Je, wajua kwamba kwa kanuni za vitabuni, mtaji wa Marekani ungepaswa kukimbilia India wote? Mchumi Robert Lucas alipiga hesabu mwaka 1990: dola ya nyongeza ingezaa India mara 58 ya ilivyozaa Marekani. Haikwenda. Alipoingiza ujuzi wa wafanyakazi katika hesabu, 58 ikashuka hadi 5. Hiyo 5 iliyobaki imewalisha wachumi wengi tangu hapo.

Uganda imekuwa shule kubwa ya jambo hili la mtaji na ujuzi. Vijana wa kaskazini walipewa na serikali takriban dola 382 kila mmoja wajifunze ufundi na kununua zana: cherehani, misumeno, vifaa vya saluni. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao waliokosa. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi.

Katika jaribio jingine huko huko, vijana wengine walifundishwa kazi ndani ya karakana za watu, wengine wakapelekwa chuo cha ufundi kwa miezi sita wakatoka na cheti. Mwanzoni wote walinufaika. Miaka ilivyokwenda, faida ya wale wa karakana ilififia, kwa kuwa tajiri mwingine hakuwa na namna ya kujua wanachokijua. Wenye cheti, hata walipopoteza kazi, walipata nyingine upesi zaidi.