Kioo cha mbele Arua: orijino, mtumba au cha China?

Kutoka Vurra mpakani na Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani na Sudan Kusini, ni kilomita 92 za lami, na dereva aliyeizoea njia hiyo huikata mkono mmoja ukiwa dirishani. Mambo hubadilika Koboko, pale unapokata kulia kwenda Yumbe na Moyo. Hizo ni kilomita 105 ambazo kwa miaka mingi zilikuwa murramu tupu, na hata baada ya Benki ya Dunia kutoa fedha ziwekwe lami, ujenzi nao una kokoto zake. Tangu makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yalipofunguliwa Yumbe Agosti 2016, upande huu haujaishiwa na malori ya chakula, matenki ya maji na Land Cruiser nyeupe za mashirika. Jiwe hunasa kati ya tairi pacha za nyuma za lori, huzunguka nazo, kisha huchomoka. Gari linalofuata ndilo linalolipokea.

Lami haikuokoi pia. Jiwe lililonaswa kwenye murramu laweza kuchomoka kilomita kadhaa mbele, mnapokuwa mmeshaingia lami na lori limeongeza mwendo.

Alama ya kwanza huwa ndogo. Mwenye gari hushuka, huitazama, kisha huipapasa kwa kidole akiwa ndani na hasikii kitu, maana tabaka la nje peke yake ndilo lililopasuka. Husema itangoja mwisho wa mwezi. Haingoji. Gari likishinda juani hadi saa tisa, kisha kijana wa kuosha magari akalimwagia ndoo ya maji baridi, ufa hutembea mbele ya macho yako mpaka ukingoni. Kiyoyozi kilichofunguliwa kwa nguvu kwenye kioo chenye moto hufanya vivyo hivyo, na shimo moja la barabarani lamaliza kazi.

Wakati wa kukiokoa kioo ni siku ileile. Alama isiyozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 500, ikiwa mbali na ukingo na si mbele ya macho ya dereva, inaweza kujazwa resini na kukaa miaka. Ibandike selotepu hapohapo ili vumbi na maji visiingie, kisha mtafute fundi mwenye kifaa. Supaglu ya dukani achana nayo. Hubadilika rangi, hukatika, na ikishaziba ule mwanya, mwenye resini hana pa kupitishia dawa yake. Ufa uliofika ukingoni hauna tiba. Hapo ni kubadili.

Ukifika gereji ya Arua na ufa wa namna hiyo, utaulizwa swali moja: "Mzee, unataka orijino au ya China?" Linaulizwa kana kwamba kuna mali mbili tu. Zipo nne. Kuna kioo kipya chenye nembo ya kampuni ya gari, ambacho kwa kawaida huagizwa na bei yake ni mara kadhaa ya vingine. Kuna kioo kipya kutoka kiwanda kilekile kinachoitengenezea kampuni ya gari, ila hakina nembo yake. Kuna kioo kipya cha kiwanda kingine, ambacho sokoni chote huitwa cha China, hata kama si cha huko. Halafu kuna mtumba, kioo kilichong'olewa kwenye gari lililokatwakatwa Japani, kikaja kwa kontena na kupita mikono ya wauza spea wa Kampala. Tatizo ni kwamba mtumba huuzwa kwa jina la orijino, na kwa upande mmoja muuzaji hasemi uongo: Toyota yako kweli ilitoka kiwandani na kioo kama hicho.

Toyota haichomi vioo vyake yenyewe. Magari ya Japani huvaa vioo vya AGC, zamani ikiitwa Asahi Glass, vya Nippon Sheet Glass, ambayo mwaka 2006 iliinunua Pilkington ya Uingereza, au vya Central Glass. Na wale wanaolitaja jina la China kama tusi wamepitwa na wakati. Fuyao ilianzishwa mwaka 1987 huko Fuqing, mkoa wa Fujian, na leo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa vioo vya magari duniani. Mwaka 2014 ilinunua jengo la kiwanda cha zamani cha General Motors huko Moraine, Ohio, na vioo vyake huenda moja kwa moja kwenye magari mapya ya Marekani. Kwa hiyo cha China kinaweza kuwa orijino kabisa, na kinaweza pia kuwa takataka. Jina la nchi halikuambii lolote. Soma muhuri.

Muhuri uko kwenye kona ya chini ya kioo, mdogo, umechomwa humohumo na haufutiki kwa kucha. Chuchumaa usome. Utakuta jina la mtengenezaji. Utakuta herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Usiichanganye hiyo 43 na maandishi 43R, ambayo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari. Zimefanana kwa bahati tu. Kioo cha soko la Marekani huandikwa AS1, na hicho ndicho cha mbele. AS2 ni cha pembeni. Vioo vya AGC huandikwa Lamisafe kwa cha mbele na Temperlite kwa vile vya milangoni. Kioo kisicho na muhuri wowote mrudishie mwenyewe, hata akikupa kwa nusu bei.

Muhuri huohuo humsaidia anayenunua gari lililotumika. Zunguka gari usome kioo kimoja kimoja. Kama vyote vina jina moja na cha mbele kina jina jingine, uliza kilichotokea. Pengine ni jiwe la barabara ya Yumbe, na pengine gari lilibiringika.

Kisa cha kioo cha mbele cha tabaka ni cha zamani. Mwaka 1903 mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara; ilipasuka lakini vipande havikutawanyika, kwa sababu ndani ilikuwa imeganda utando wa dawa. Mwaka 1909 alisajili uvumbuzi wake, na kioo cha tabaka kikazaliwa. Cha leo ni vioo viwili vyembamba vyenye utando wa plastiki katikati, aghalabu wa unene wa milimita 0.76. Jiwe hupasua tabaka la nje, utando hushika. Kichwa cha abiria kikigonga, kioo huvimba na kupasuka bila kumwachilia atoke nje. Vya milangoni ni vya aina nyingine: hukomazwa kwa moto, na vikivunjika humwagika vipande vidogo visivyokata sana. Mlangoni ni sawa. Mbele ya dereva aliye kwenye mwendo wa kilomita 80, hapana. Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, ambacho mtu anaweza kushawishika kukikatisha kwa ajili ya lori kuukuu lenye kioo bapa, hicho ni kisu kinachosubiri shingo.

Basi tuseme umepata kioo kizuri. Kama hakitoki duka la Arua, kitasafiri usiku kwa basi kutoka Arua Park, Kampala, kipite Karuma, kivuke Nile pale Pakwach, kipande Nebbi. Kioo husafiri kikiwa kimesimama kwa ukingo, kimefungwa kwenye fremu ya mbao. Kikilazwa chini ya magunia, ukipokee mbele ya kondakta na ukikague juani kabla hajaondoka. Septemba 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na magari yakazungushwa njia nyingine, anayesubiri spea kutoka Kampala alijifunza subira.

Kinachofuata ndicho wenye magari hawakiulizii, nacho kina uzito kuliko nembo. Kioo kinashikwa na nini?

Malori mengi ya zamani na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile zinazopendwa na mashirika, hushikwa kwa mpira. Hapo kazi ni ya kupendeza kuitazama. Fundi huvalisha mpira kuzunguka kioo chote, huingiza kamba kwenye mfereji wa ndani wa mpira mpaka ncha mbili zikutane chini katikati, hupaka maji ya sabuni, kisha msaidizi hukikandamiza kioo kwa viganja kutoka nje. Fundi aliyeketi ndani huvuta kamba polepole, na mdomo wa mpira hupanda juu ya chuma sentimita kwa sentimita, akitoka chini, akipandisha pembeni, akimalizia juu. Kamba ikitoka yote, kioo kimekaa. Haikuhitaji gundi, na gari laweza kuondoka saa hiyohiyo. Kwa magari haya sioni sababu ya kulipia nembo: kioo kipya chenye muhuri kinatosha, na mpira uwe mpya. Hata mtumba si mbaya sana, maana hutoka kwenye mpira bila kukatwa.

Premio, Noah, Wish na Hiace za leo ni habari nyingine. Kioo kimegundishwa kwenye fremu na kimekuwa sehemu ya mifupa ya gari. Gari likibiringika, kioo husaidia kulizuia paa lisishuke. Kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka kuelekea juu, ukagonga kioo ndipo ukamgeukia abiria; kioo kikibanduka, mfuko nao hutoka nje na kumwacha mtu na dashibodi yake. Hapa mtumba siutaki. Umekatwa kwa waya kutoka kwenye gundi ya zamani, na mmeguko mdogo wa ukingoni usiouona kwa macho ndio mwanzo wa ufa wa mwezi ujao. Juu yake kuna mikwaruzo ya waipa ya miaka kumi, inayong'aa usiku taa za tenka zikija mbele.

Gundi inayotakiwa ni ya poliyurethani, ya bomba, yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Silikoni ya bafuni si gundi ya gari. Kabla ya gundi kuna praima nyeusi, inayopakwa kwenye kioo na kwenye chuma kilichokwanguliwa. Na kama chini ya gundi ya zamani kuna kutu, isafishwe kwanza, kwa sababu gundi itashika kutu na kutu itabanduka. Ule mkanda mweusi wa ukingoni mwa kioo haukuwekwa kwa urembo, huikinga gundi na jua. Na gundi hii ina tabia ambayo watu wa eneo hili la West Nile wanapaswa kuijua: hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Machi, upepo mkavu unapovuma, huchelewa kukomaa. Zipo gundi za saa moja, na zipo za kulala nazo hadi kesho. Soma maelezo kwenye bomba, usisikilize haraka za mtu. Gari likiwa linangoja, acha dirisha wazi kidogo, kwani mlango ukifungwa kwa kishindo hewa ya ndani husukuma kioo kibichi. Anayechukua gari saa kumi jioni na saa kumi na mbili yuko kwenye mashimo ya kwenda Yumbe ataijua gharama yake mvua ya kwanza itakapodondoka kwenye magoti ya abiria.

Magari mapya zaidi yameanza kuingia yakiwa na kamera nyuma ya kioo, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, inayosoma mistari ya barabara na kufunga breki. Kwa hayo, nembo ina maana: kishikio cha kamera kisipokaa sawasawa, gari litaona vibaya, na kamera yenyewe inahitaji kupangwa upya kwa kompyuta. Kama gereji haina kompyuta hiyo, peleka gari Kampala.

Bima ya lazima ya mtu wa tatu haitakulipia kioo chako. Ni bima kubwa tu inayoweza, kwa kiwango kilichoandikwa. Kumbuka pia kuuliza habari ya stika ya bima, kama imebandikwa, kabla kioo cha zamani hakijatupwa nayo. Ukiamua kuendelea na ufa, polisi wa Uganda wana kosa linaloitwa DMC, gari lenye ubovu wa hatari, na ufa uliopita mbele ya usukani haufichiki kwa stika ya maombi.

Uamuzi wangu ni huu: kwa gari la gundi lisilo na kamera, nunua kioo kipya chenye muhuri, cha China ukipenda, na pesa uliyookoa kwenye nembo itie kwenye gundi nzuri na usiku mmoja wa kusubiri. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, likague gundi na vioo vinavyouzwa mikoani kama linavyokagua unga na mabati. Na wenye taksi za Koboko wasiruhusu Hiace iliyobadilishwa kioo asubuhi kupakia mchana. Gari hilo limepewa leseni ya abiria 14.