Ufuatiliaji wa ubora wa intaneti

Ufuatiliaji wa ubora wa intaneti ni upimaji unaorudiwa mara kwa mara ili kujua kama muunganisho wa nyumba, shule au ofisi uko hewani na unafanya kazi vizuri kiasi gani. Aina moja inayotumika sana ni ile ambapo seva iliyo mbali hutuma pakiti ndogo za data kwa ruta kila baada ya muda mfupi, hupokea majibu na kuyachora katika grafu.

Historia

Upimaji huu hutegemea itifaki ya ICMP, iliyoelezwa na Jon Postel mwaka 1981 katika hati ya RFC 792. Mnamo Desemba 1983 Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya Jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, aliandika programu ya ping inayotumia itifaki hiyo. Jina lake linatokana na mlio wa sona, chombo cha nyambizi kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake.

Vipimo

Vipimo vikuu ni vitatu:

- Muda wa kwenda na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde. Pakiti inayopitia setilaiti iliyo kimo cha km 35,786 juu ya ikweta haiwezi kurudi na jibu kabla ya milisekunde 470 hivi, kwa sababu ya umbali wenyewe. Nyaya za chini ya bahari, kama SEACOM iliyoanza kazi Afrika Mashariki mwaka 2009, zilipunguza sana muda huo.
- Kuyumba kwa muda huo kati ya pakiti moja na nyingine. Kukizidi, sauti hukatikakatika katika simu za intaneti.
- Upotevu wa pakiti, yaani asilimia ya pakiti zisizojibiwa.

Baada ya kusasisha ruta

Mara nyingine, baada ya programu ya ndani ya ruta kusasishwa, grafu huonyesha upotevu wa asilimia 100 ilhali watumiaji wanaendelea kufungua tovuti kama kawaida. Hapo kilichokatika ni kipimo, si intaneti. Sababu za kawaida ni hizi:

- Sasisho limerudisha mipangilio ya kiwandani, na ruta imeacha kujibu ping zinazotoka nje. Ruta nyingi hufunga majibu hayo kwa ajili ya usalama.
- Ruta ilipozimika na kuwaka upya ilipewa anwani mpya ya IP, lakini seva bado inapima anwani ya zamani. Ikiwa anwani hiyo amepewa mteja mwingine, grafu inaweza kuonekana nzuri huku ikieleza muunganisho wa mtu mwingine kabisa.

Lakini sasisho linaweza pia kuleta hitilafu ya kweli, kwa mfano kufuta mpangilio unaogawa kasi kati ya vifaa. Dalili yake ni muda wa kwenda na kurudi kupanda sana pale mtu mmoja anapopakua faili kubwa.

Kutambua chanzo

Chanzo hutafutwa kwa kupima hatua kwa hatua kutoka ndani kwenda nje. Kwanza hupimwa ruta yenyewe kwa anwani yake ya ndani, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, ikiwezekana kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Kisha hupimwa anwani ya mbali inayojulikana kujibu, kama 8.8.8.8 ya Google. Ruta ikichelewa kujibu au pakiti zikipotea kabla ya kuifikia, tatizo liko ndani ya nyumba. Ruta ikijibu vizuri na anwani ya mbali isijibu, tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Zote zikijibu vizuri na grafu ya nje bado inaonyesha upotevu, hukaguliwa anwani inayopimwa na ruhusa ya kujibu ping.

Kunakili mipangilio ya ruta kabla ya kusasisha, pamoja na kuandika tarehe na saa ya sasisho, hurahisisha kazi hii. Bila kumbukumbu hiyo, mtumiaji anaweza kumlaumu mtoa huduma kwa kosa lisilo lake, au kukosa ushahidi pale ambapo kosa ni la mtoa huduma kweli.