Mpira wa Singida: Habari za Msimu wa 2024 na 2025

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni mchezo tu, tena mchezo wa vijana, nalo ni mpira wa miguu. Sitaeleza jinsi ya kuupiga mpira; hayo mnayajua, na watoto wenu huyajua kuliko mimi. Nitaeleza habari za msimu mmoja, ulioanza mwezi wa Agosti 2024 ukaisha mwezi wa Juni 2025, na habari za mji mmoja ulio katikati ya nchi ya Tanzania, yaani Singida. Katika msimu ule mji huo ulipata sifa kubwa. Lakini nyuma ya sifa hiyo lipo swali, nalo ndilo lililonifanya niichague habari hii: timu ya mpira ni mali ya nani? Ni ya mwenye fedha, ama ni ya mji ambao jina lake inalichukua?

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Singida iko katika uwanda wa juu, nchi ya upepo na majabali makubwa, na kando ya mji yako maziwa mawili, Singidani na Kindai. Wenyeji wa pale ni Wanyaturu, na kaskazini yao wako Wanyiramba na Wanyisanzu. Mvua yake si nyingi, kwa hiyo watu hulima mtama, uwele na alizeti, na mafuta ya alizeti ya Singida yanajulikana hata pwani. Kutoka hapo mpaka Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 700 hivi. Kwa sababu ya umbali huo, mpira mkubwa kwa watu wa Singida ulikuwa ni habari ya kusikia kwa muda mrefu: mtu aliipenda Simba au Yanga kwa sauti ya redio, wala hakutumaini kuwaona wachezaji wao kwa macho yake.

Sasa nieleze jinsi ligi inavyokwenda, maana asiyejua hesabu yake hatafahamu furaha wala huzuni ya wenzake. Ligi ya taifa ilianzishwa mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikaitwa Simba. Katika msimu tunaousema timu zilikuwa 16. Kila timu hupambana na kila mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Basi kila moja hucheza mechi 30, na mechi zote jumla yake ni 240. Anayeshinda hupata pointi 3, wanaotoka sare hupata pointi 1 kila mmoja, na aliyefungwa hapati kitu. Timu mbili za mwisho hushuka daraja. Zile za nafasi ya 13 na ya 14 hushindana, na inayoshindwa hupambana tena na timu ya daraja la chini ili ijulikane ni ipi itakayokaa juu. Na timu nne za kwanza zilipewa ruhusa ya kwenda kushindana na klabu za nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo msimu si kugombea ubingwa tu. Wako wanaogombea safari, na wako wanaogombea uhai.

Singida haikuanza mpira jana. Mwaka 2017 timu ya Singida United ilirudi katika Ligi Kuu, nayo katika msimu wa 2017 na 2018 ilimaliza ya 5, chini ya mwalimu Hans van der Pluijm wa Uholanzi. Msimu ule ule ilifika fainali ya kombe la shirikisho mjini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Watu walidhani mti umeshika mizizi. Lakini baada ya miaka miwili tu, mwaka 2020, Singida United ilikuwa ya mwisho katika timu 20, ikashuka daraja, na uwanja wa Namfua, ambao siku hizi huitwa Liti, ukakosa mechi za Ligi Kuu.

Mwaka 2022 ilipanda daraja timu iliyokuwa ikiitwa DTB. Hiyo ikabadilishwa jina, ikaitwa Singida Big Stars, ikaletwa Singida. Ilimaliza ya 4 katika msimu wake wa kwanza, na mwezi wa Januari 2023 ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Unguja, ikafungwa na Mlandege mabao 2 kwa 1. Mwaka huo huo wa 2023 ikabadili jina tena, ikawa Singida Fountain Gate. Kisha ikahama Singida. Jina la mji likaondolewa, ikabaki Fountain Gate, na makao yake yakawa Babati katika mkoa wa Manyara.

Mji haukukaa mtupu. Huko Mbarali, katika mkoa wa Mbeya, ilikuwapo timu ya Ihefu. Wapenzi wa mpira hawataisahau, kwa kuwa tarehe 29 Novemba 2022 timu hiyo ya wakulima wa mpunga iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1, na Yanga ilikuwa haijafungwa katika mechi 49 za ligi. Ihefu ndiyo iliyoletwa Singida, na mwaka 2024 ikapewa jina la Singida Black Stars. Fikirini basi: katika muda wa miaka saba mji mmoja ulishangilia timu tatu zenye asili mbalimbali, na majina yao yalikuwa manne. Na furaha ya Singida ilikuwa msiba wa Mbarali, kwani waliomfunga Yanga mbele ya macho yao waliamka siku moja wakakuta timu yao ina jina la mji mwingine.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa msimu ulipoanza. Mwalimu wa kwanza wa Singida Black Stars alikuwa Patrick Aussems wa Ubelgiji, aliyepata kuifundisha Simba. Alitolewa kabla ya mwaka kwisha. Akaja Miloud Hamdi, naye hakukaa. Mwezi wa Februari 2025 alichukuliwa na Yanga. Kazi ikashikwa na David Ouma wa Kenya. Kwa kawaida timu inayobadilisha walimu hivi hupotea njia kama jahazi lililokosa nahodha, lakini hii haikupotea. Elvis Rupia wa Kenya alikuwa akiifungia mabao tangu mwanzo, na katikati ya msimu akaja Jonathan Sowah wa Ghana, ambaye alimaliza miongoni mwa wafungaji bora wa ligi.

Hata hivyo mambo mawili yalionyesha udhaifu. La kwanza, mechi yake ya nyumbani na Yanga, tarehe 30 Oktoba 2024, haikuchezwa Singida. Ilichezwa katika uwanja wa Amaan kisiwani Unguja, na Yanga ikashinda kwa bao 1 kwa 0. Mkulima wa Ikungi au Iramba ambaye angeuza debe la alizeti apate nauli ya kwenda kuitazama timu yake, alirudi kwenye redio kama zamani. La pili, mwezi wa Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa timu hiyo walipewa uraia wa Tanzania. Kanuni za ligi zinaweka kikomo cha wageni, na mgeni akiisha kuwa raia hahesabiwi tena katika kikomo hicho. Serikali ilisema kuwa sheria imefuatwa; watu wengi waliuliza kama kijana aliyezaliwa Singida atapata nafasi lini. Maneno yakawa mengi, na kila upande ulikuwa na hoja yake.

Msimu ulipofika mwisho, Yanga ilikuwa bingwa kwa pointi 82, nao ulikuwa ubingwa wake wa 4 mfululizo na wa 31 kwa jumla. Simba ilipata pointi 78, Azam 63, na Singida Black Stars ikawa ya 4 kwa pointi 57. Mechi ya watani, Yanga na Simba, iliyokuwa ichezwe tarehe 8 Machi, iliahirishwa kwa ugomvi mkubwa hata ikachezwa tarehe 25 Juni, na Yanga ikashinda mabao 2 kwa 0. Katika kombe la shirikisho Singida iliifunga Simba mabao 3 kwa 1, katika nusu fainali iliyochezwa Babati. Halafu tarehe 29 Juni, huko Unguja, ikafungwa na Yanga mabao 2 kwa 0 katika fainali. Hivi mara ya pili timu yenye jina la Singida ilifika mlangoni pa kombe hilo ikarudi mikono mitupu.

Na ile Fountain Gate, iliyokuwa Singida kabla yake? Yenyewe ilimaliza ya 14. Ikashindana na Tanzania Prisons, ikashindwa. Ikabidi ipambane na Stand United ya Shinyanga, timu ya daraja la chini, na hapo ikashinda na kunusurika. Kwa hiyo katika msimu mmoja mtoto aliyehama alikuwa akigombea uhai, na mtoto aliyeletwa alikuwa akigombea kombe.

Yafaa sasa tuulize sababu. Kwa nini mwenye fedha ahamishe timu ya mbali, ilhali angeweza kuunda timu mpya nyumbani? Jibu ni kwamba timu mpya huanza chini, ikapanda ngazi kwa ngazi, mkoa kwanza, kisha daraja baada ya daraja, na kila ngazi ni mwaka au zaidi, tena bila hakika ya kushinda. Lakini nafasi katika Ligi Kuu hushikwa na klabu, haishikwi na mji. Anayeipata klabu ameipata nafasi, naye aweza kuichukua popote mradi wenye mamlaka ya mpira wakubali. Na klabu ina gharama kubwa: mishahara, safari za mamia ya kilometa, chakula na dawa. Fedha za mlangoni katika mji wa wakulima hazitoshi hata kidogo. Hivyo timu nyingi za mikoa husimama kwa mfuko wa mtu mmoja au kampuni moja, na mfuko ukihama, timu huhama.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Kule Kanada wana ligi ya mpira wao, mpira mrefu mfano wa yai, ambao huchukuliwa mikononi. Mwaka 1995 kombe lao kuu, liitwalo Grey Cup, lilishindwa na timu ya Baltimore, mji wa Marekani, kwa kuwa wakati ule ligi ile ilikuwa imevuka mpaka. Mwaka uliofuata timu hiyo ilihamishiwa Montreal. Watu wa Baltimore walisherehekea ubingwa wakati wa baridi, na ilipofika siku ya kuutetea hawakuwa na timu. Tajiri wa Kanada na tajiri wa Afrika Mashariki hufanya hesabu moja.

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri. Je, timu ya Singida ni nguo ya kuazima? Mimi sisemi hivyo moja kwa moja, kwa maana baada ya msimu ule imefanya makubwa. Mwezi wa Septemba 2025 ilishinda Kombe la Kagame, ikiifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2 kwa 1, na yote mawili yalifungwa na Clatous Chama wa Zambia. Kisha katika Kombe la Shirikisho la Afrika iliitoa Rayon Sports ya Rwanda, na Flambeau du Centre ya Burundi, ikaingia hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Jina la Singida lilitajwa Algiers na Brazzaville, mahali ambapo hapo kwanza halikupata kusikika.

Lakini sifa ya mwaka mmoja hailindi timu. Singida United nayo ilisifiwa. Timu hukaa mahali ikiwa imefungwa kwa kamba zaidi ya moja. Kamba ya kwanza ni uwanja wake yenyewe, wa kuchezea mechi zote za nyumbani, hata ile ya Yanga. Ya pili ni watoto wa mahali wanaofundishwa tangu utotoni, hata ifike siku ambapo mama wa Kiomboi au Manyoni atasikia jina la mwanawe likitajwa. Ya tatu ni wanachama wanaolipa ada, ingawa ndogo, na kuwa na neno katika baraza la klabu. Kwa maana asiyetoa kitu haulizwi kitu siku ya kuhama.

Ndugu zangu wa Singida, shangilieni timu yenu, kwani furaha ni haki yenu. Ila mkiisha kushangilia, rudini barazani mkaulizane: kesho mwenye mfuko akichoka, sisi tutakuwa tumeshika nini mkononi? Wenzenu wa Mbarali hawakuliuliza swali hilo mapema.