Karavia: Picha na ratiba zinaweza kumbakiza darasani mtoto mwenye usonji

Anaziba masikio kengele inapolia. Ukimwita jina, hageuki. Vifuniko vya chupa anavipanga mstari mmoja, asubuhi nzima. Karavia, kama katika mitaa mingine ya Lubumbashi, mtoto wa namna hiyo anaweza kuitwa mkaidi, hata mchawi, kisha akarudishwa nyumbani.

Usonji, unaojulikana pia kama otisimu, unatokana na namna ubongo unavyokua. Sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na ile ya 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu.

Darasani, mwalimu anaweza kuanza na vipande vya katoni. Anachora kuimba, kuandika, kula na kurudi nyumbani, anavibandika ukutani kwa kufuatana. Kazi ikiisha, mtoto anageuza kipande. Akijua kinachofuata, wasiwasi unapungua. Asiyesema anatoa picha ya maji akiwa na kiu. Maagizo yatolewe moja moja, kwa maneno machache. Kelele zikizidi, apelekwe kwenye kona tulivu yenye mkeka, bila kuadhibiwa.

Tangu shule za msingi za serikali zifanywe bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa. Mwalimu peke yake hatoshi. Wazazi nao watumie picha zilezile nyumbani.

Katoni haihitaji umeme wala pesa nyingi. Ila mtoto lazima kwanza apokelewe mlangoni.