Nyumba za Mapovu: Jengo la Juzi Laweza Kuwa Turathi

Tukitaja turathi za majengo, wengi wetu huwaza Fort Jesus au Mji wa Kale wa Lamu. Nchini Ufaransa, hata nyumba zilizojengwa miaka ya sabini zimetambuliwa na serikali kuwa turathi, zikiwemo zile ambazo ukiziona kwa mbali utadhani ni mapovu ya sabuni.

Mashuhuri zaidi ni Palais Bulles, huko Théoule-sur-Mer karibu na Cannes. Antti Lovag, mzaliwa wa Budapest, alianza kumjengea mfanyabiashara Pierre Bernard mwaka wa 1975, na baadaye mwanamitindo Pierre Cardin akainunua. Lovag hakutaka pembe wala kona, kwa kuwa aliona kuta zilizonyooka haziendani na mwili wa binadamu. Mafundi walipinda vyuma, wakavifunika kwa wavu, kisha wakamwaga zege. Madirisha ni ya mviringo, na samani nyingi zilibidi zipinde kufuata ukuta. Seremala yeyote atakuambia hiyo si kazi ya bei rahisi.

Ulinzi wenyewe una ngazi. Jengo likitangazwa rasmi kuwa la kihistoria, haliguswi bila idhini. Chini yake, sheria ya 2016 iliweka alama maalum kwa majengo yenye thamani ambayo hayajafikisha miaka 100. Mwenye nyumba hubaki na mali yake, ila ni lazima aiarifu serikali kabla ya kuanza ukarabati au ubomoaji. Ni masharti mepesi, lakini hutoa nafasi ya mazungumzo kabla nyundo haijashuka.

Pasipo nafasi hiyo, hasara huja kimyakimya. Huko Dakar, Senegali, zaidi ya nyumba elfu moja za mviringo zilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya arobaini kwa mbinu ya Mmarekani Wallace Neff: puto kubwa lilijazwa hewa, likafunikwa kwa wavu na kunyunyiziwa saruji. Familia zilipoongezeka na bei ya ardhi kupanda, wenyewe walizibomoa ili wajenge ghorofa. Huwezi kuwalaumu, maana kuba haliongezewi chumba juu. Leo zimesalia chache.

Hapa Kenya, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 humruhusu Waziri kutangaza jengo kuwa turathi kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa muda wa kuliwasilisha kwa Waziri. Idhini ya ujenzi nayo hutolewa na kaunti. Kwa hivyo, mkazi mwenye nyumba ya zamani au ya umbo lisilo la kawaida, iwe ya mawe, ya udongo au ya zege, afike kwanza katika ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kumwita mkandarasi. Aje na picha za jengo na nakala ya hatimiliki.