Kompyuta ya Mezani Majoreni: Kujiundia au Kununua Tayari

Huko Majoreni, kwenye pwani ya Kenya, ambako upepo wa chumvi hula hata jembe, seuze nyaya nyembamba za kompyuta, uamuzi wa kujiundia mashine au kununua iliyo tayari hutegemea sana pawa saplai, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa volti 240 kuwa volti 12 na pungufu. Mashine ya mtumba ya kampuni kubwa huwa nafuu, na kwa barua na hesabu za duka inatosha kabisa, lakini mara nyingi kisanduku chake kina umbo la pekee. Anayejiundia hufuata kipimo cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, hivyo kutu ikishakula kisanduku, kingine cha kipimo hichohicho hufungwa palepale kwa skrubu nne.